Saa ya Bombani kwa Bibi Enesi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, simu tatu ziligombana bombani kwetu Tunduma, na wenye simu wakakaribia kuvuana vilemba. Nakusimulia hili kwa sababu nimesikia umesusa. Wenzako wa kikundi wameomba waone kazi yako ilivyofanyika kabla hawajaipokea, nawe umeona umetukanwa, umejifungia ndani, hata chai hunywi. Haya, usinywe. Masikio lakini hayasusi, kwa hiyo kaa hapo unisikilize.

Kwanza ujue unaongea na mtu wa namna gani. Mimi nashuku watu. Nilizaliwa Ihanda, kwenye mashamba ya kahawa, na kule ukishuku mtu ni yule asiyekusalimia. Tunduma ni kinyume chake. Mtu akikusalimia vizuri mno, unashika pochi. Ndio mji wa mpakani ulivyo, kila mtu ana ndugu upande wa pili na ana mzigo ambao hapendi uulizwe. Halafu na mimi nilikuwa na sababu zangu. Marehemu mume wangu... eh, nasema marehemu, wala sijui kama amekufa. Alivuka kwenda Kitwe akasema anarudi Jumamosi. Jumamosi ipi, hakusema.

Aliniachia meza ya ufundi, kifaa cha kuchomelea waya, na redio za watu ambazo alikuwa hajazitengeneza. Nilikuwa nimekaa pembeni yake miaka yote namshikia taa, kwa hiyo mikono ilishajua. Nikaanza kutengeneza mwenyewe. Redio, simu, viyoyozi vya kwenye malori, chochote kilicholetwa. Siku hizo nilikuwa bado najiita kijana, ingawa magoti yalishaanza kuniita majina mengine. Watu wakaniita Fundi Eliza, wengine kwa heshima, wengine kwa kucheka.

Frem ya kufanyia kazi nilipewa na Bibi Enesi, na hapa ndipo hadithi ilipo. Bibi Enesi alikuwa Mndali wa Mbebe, kule milimani Ileje, mkunga wa zamani, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo ilikufanya usogee ili umsikie. Nilipofika pale sina mume wala kodi ya kutanguliza, kuku mgeni na kamba yangu mguuni, hakuniuliza nimetoka kwa nani. Aliuliza kama nimekula. Sasa mtu kama huyo, mwanangu, humsahau.

Uani kwake ndiko kulikokuwa na bomba la mtaa. Wewe unafungua koki jikoni, hujui maji ya Tunduma yalivyokuwa. Yalikuja yanapotaka, yakaondoka bila kuaga. Mtaa ukakubaliana kwamba yakija mchana, watu wa juu wateke kuanzia saa tisa mpaka saa kumi, watu wa chini wachukue saa inayofuata. Ufunguo wa bomba alichaguliwa kuushika Bibi Enesi. Aliufunga kwenye pindo la kitenge chake, na nakwambia alitembea nao kama mzee wa kanisa aliyebeba sadaka. Hakuwa na cheo kingine duniani. Watoto wake walishazikwa wote.

Tatizo likawa saa. Upande wa pili wa barabara ni Nakonde, Zambia, na wenzetu wale wako nyuma yetu kwa saa moja. Saa tisa ya kwetu kwao ni saa nane. Simu nazo hazina uzalendo. Ukisimama dukani inashika mnara wa huku, ukisogea bombani inashika mnara wa Nakonde, na saa inajirudisha yenyewe bila kukuuliza. Saa moja ndiyo ilikuwa zamu nzima ya maji. Kwa hiyo simu ikihama mnara, upande mmoja wa mtaa umekosa maji.

Siku hiyo ninayokwambia, Mama Zawadi alifika na madumu yake ya njano. Huyu alikuwa mwuza chumvi, akiileta kwa magunia kutoka Ivuna, mkazi wa chini, mwenye mdomo ambao ungeweza kuukodisha mnadani. Simu yake ilisema saa kumi. Bana Mwape, yaani Mama Mwape kwa lugha ya kwao, mke wa jirani yetu aliyeolewa kutoka Nakonde, mkazi wa juu, simu yake ilisema saa tisa. Ya Bibi Enesi ilisema saa kumi, halafu wakiwa wanaitazama wote ikarudi saa tisa.

"Mmeona?" Mama Zawadi akapiga kofi. "Mmeona kwa macho yenu? Saa ya huyu bibi inawahurumia watu wa juu!"

Bibi Enesi aliishi juu. Basi. Kilichofuata ni kelele, dumu likapasuka, kilemba kikaanguka kwenye tope. Tulishajaribu saa ya ukutani kabla ya hapo, ikasemekana Bibi anaisogeza mishale. Tulijaribu saa ya mkononi ya mzee mmoja, ikasemekana anaikaza kwa ajili ya mkwewe. Kila saa yenye mwenyewe ilishukiwa. Mjumbe wa mtaa akaja jioni ile, akasema kukitokea ugomvi mmoja tu tena, ufunguo utachukuliwa. Nilimwona Bibi Enesi akishika lile pindo, na moyo wangu ukaniuma kabisa.

Nikasema moyoni, hawa wanataka saa isiyo na mwenyewe. Nitawapa.

Setilaiti, mwanangu, hazina mpaka. Zinapita huko juu zinataja wakati mmoja kwa dunia nzima, na hazijui Tunduma iko wapi wala Nakonde iko wapi. Kwenye malori makubwa yanayopanga foleni pale mpakani kuna kidude kinachozisikiliza, ili tajiri aliyekaa mbali ajue lori lake limelala wapi. Wengi hawajui kwamba kidude hicho, ili kijue mahali, lazima kwanza kijue wakati, tena wakati safi kuliko wa redio. Nilikijua kwa sababu madereva waliniletea vilivyokufa.

Nikaenda kwa muuza vyuma chakavu aliyekuwa amenunua kichwa cha lori lililopinduka. Kidude kilikuwa bado kimo chini ya dashibodi, na kisikio chake cheusi, yaani antena, saizi ya kipande cha sabuni. Nikamuuliza maswali mpaka akakasirika. Lori la nani, limeuzwa na nani, nani alishuhudia. Nilishasema mimi nashuku. Nilipotosheka nikakichukua. Namba za kuonyesha saa nilizitoa kwenye mashine ya dubwi iliyokufa, zile mashine za kumeza sarafu za watu kwenye vilabu. Zilikuwa namba nyekundu kubwa, zinaonekana toka mbali. Betri ilitoka kwenye bodaboda, sola ndogo ilitoka kwenye taa mbovu. Kitu kipya kilikuwa ubongo tu, kibao cha saketi saizi ya kiberiti nilichoagiza Dar, na maelekezo yake niliyatazama kwenye simu, narudia na kurudia mpaka bando linakwisha. Nilichoma waya, nikachomoa, nikachoma tena. Kuna wiki nzima namba zilikuwa zinasoma kichwa chini, tarakimu zimepinduka miguu juu. Usione vyaelea, vimeundwa.

Ilipokuja kukamata setilaiti, taa ndogo ya kijani ikawaka, na namba zikasimama. Nilikaa nikaitazama nikalia. Sina aibu kukwambia.

Sasa hapa kuna jambo dogo, usilisahau. Setilaiti inataja wakati wa dunia, sio wa Tanzania. Lazima mtu aiambie saa, ongeza tatu. Kwa wenzetu wa Zambia unaiambia ongeza mbili. Mimi nikafikiria akina Bana Mwape wanaovuka kwenda sokoni, nikaweka swichi ndogo ndani ya boksi. Ukiiinua ni saa ya huku, ukiishusha ni saa ya kule. Niliona ni ufundi wa kupendeza. Halafu nikafunika boksi, nikakaza skrubu.

Tukaitundika juu ya bomba, na kile kisikio cheusi nikakiweka juu ya bati. Watu wakajaa. Na mimi, kwa furaha na kwa kuwa nilijua wanachotaka kusikia, nikapaza sauti, "Hii saa inawekwa na mbingu. Hakuna mkono wa mtu hapa!"

Wakapiga vigelegele. Bibi Enesi peke yake hakupiga. Alinitazama tu, akainama kufungua bomba.

Unafikiri amani ilikaa? Thubutu! Kwanza watu walitulia, maana namba hazikuruka tena. Halafu macho yakahama kutoka kwenye namba yakapanda kwenye bati. Kile kidude cheusi kinafanya nini pale juu? Mtaa ule, mwanangu, watu walikuwa na sukari iliyopita njia isiyo na geti, na mafuta ya kupikia, na vitenge. Ikaanza kusemwa kwamba Fundi Eliza ameweka sikio la watu wa ushuru. Kwamba kinahesabu magunia. Mwingine akasema amekiona kwenye lori, na kwenye lori kinaripoti, sasa hapa kinaacha kuripoti vipi? Swali zuri hilo, na mimi badala ya kulijibu nikanuna. Mama Zawadi alikuja frem kwangu mchana kweupe, akaniambia bila kuzunguka, "Fundi, fungua hilo boksi nione."

"Utaharibu," nikamwambia. "Hivi vitu sio chumvi."

Looo! Alinitazama juu mpaka chini, akatoka. Kuanzia siku hiyo redio hazikuletwa tena kwangu. Niliketi na meza tupu, nikipita watu wananyamaza, nikigeuka wanaendelea. Na mimi nikaanza kuwashuku wanaonishuku. Nikadhani Mama Zawadi anataka ufunguo ashike yeye. Nikadhani Bana Mwape ndiye anayewaambia maneno. Nilimshuku hata mjumbe. Ushuku ukishawaka hivyo haubagui, unakula mpaka mwenye nyumba.

Ikafika siku, maji yakiwa karibu kuja, nikaona taa ya kijani kwenye saa imezimika. Nikatoka nje mbio. Mama Zawadi alikuwa amesimama juu ya kigoda, amekifunika kile kisikio kwa sufuria, na juu ya sufuria ameweka jiwe. Mikono kiunoni.

"Unafanya nini?"

"Napima," akasema. "Ulisema inasikia mbingu. Nimeiziba masikio. Kama ni kweli, itasimama."

Haikusimama. Namba zikaendelea, dakika baada ya dakika, na watu walishafika na ndoo zao, wote wametazama.

"Mnaona!" Mama Zawadi akashuka kwenye kigoda. "Mbingu imefunikwa, saa inatembea. Inaongea na nani?"

Nikajaribu kueleza. Nikasema, saa inakumbuka, hata wewe ukiziba masikio hujasahau ulichosikia asubuhi. Lakini ulimi ulikuwa mzito kwa hasira, na mwenye hasira akieleza kweli inasikika kama uongo.

"Mama, mimi sijasoma huo umeme wako," akasema. "Ulisema hakuna mkono wa mtu. Fungua."

Nikamtazama Bibi Enesi anitetee. Akasema neno moja tu. "Fungua."

Nilifungua skrubu. Mfuniko ukatoka. Mama Zawadi akachungulia, na kidole chake, kilichopasukapasuka kwa chumvi, kikaenda moja kwa moja kwenye swichi. Vitu vyote mle ndani vilikuwa vigeni kwake, lakini swichi kila mtu anaijua.

"Na hii?"

Kabla sijajibu akaishusha. Saa tisa ikawa saa nane.

Halafu Bana Mwape, ambaye mimi ndiye niliyemwekea ile swichi, akasema kwa Kibemba chake, "Bufi!" Yaani uongo. Na pale hakuna asiyejua neno hilo. Wakaja juu wote kwa mpigo, na hawakunijia mimi. Walimjia Bibi Enesi. Ndiyo maana anampenda fundi, ndiyo maana alimpa frem, wamepanga, mmoja anashika ufunguo, mwingine anashika saa. Bibi wa watu nilitaka kumwokoa, nimemtia shimoni kwa mikono yangu.

Alifungua lile pindo la kitenge. Taratibu, maana vidole vyake vilikuwa na baridi yabisi. Akautoa ufunguo akauweka juu ya saruji ya bomba. Mjumbe akanyoosha mkono.

"Subiri, baba," Bibi Enesi akasema. "Hauna miguu, hautakimbia. Niongee na mwanangu kwanza."

Akanigeukia mbele ya watu wote wale.

"Eliza. Nimewapokea watoto wangapi wa mtaa huu, hata wewe unajua. Mwanamke akija kwangu akaficha panapouma, namwambia mficha uchi hazai. Wewe umeficha nini?"

"Sijaficha ubaya, bibi."

"Sijakuuliza ubaya. Nimekuuliza umeficha nini."

"Swichi."

"Inafanya nini?"

Nikaeleza. Safari hii nikaeleza vizuri, kwa kuwa nilikuwa namweleza yeye peke yake. Nikasema mbingu inaleta wakati, ila haijui mpaka. Saa ya huku anaiweka mtu. Nikasema swichi niliweka kwa ajili ya wanaovuka.

"Kwa hiyo mkono wa mtu upo?"

"Upo, bibi."

"Na uliwaambiaje?"

Machozi yalikuwa yananitoka.

"Uliwaambia haupo, kwa sababu ulijua ndilo wanalotaka kusikia. Basi hawa waliokushuku walishuku kweli. Utamkasirikia vipi mtu aliyenusa moshi, na wewe mwenyewe umekalia moto? Moto wako ni mdogo, wa kuchemshia chai tu. Ungewaonyesha, wangeota. Umeukalia, wamedhani unachoma nyumba." Akanitazama, sauti ikashuka zaidi. "Hakuna kitu duniani kisicho na mkono wa mtu, mwanangu. Hata mtoto anayetoka kwa Mungu, mimi nilikuwa pale nampokea. Usiwadanganye watu kwamba mkono haupo. Waonyeshe ulipo. Futa machozi, maji yanakuja."

Nilidhani amemaliza, mjumbe naye alidhani amemaliza. Akamgeukia Mama Zawadi.

"Mama Zawadi, stoo yako ya chumvi unaifunga na nini?"

"Na kufuli, bibi."

"Kalilete. Na ufunguo wake."

Akaenda akarudi nalo, kufuli kubwa lenye kutu. Bibi akaniambia niirudishe swichi mahali pake kila mtu akiona, nifunike boksi, nilifunge kwa lile kufuli. Nikafanya. Nikampa Bibi ufunguo, naye akaunyoosha kwa Mama Zawadi.

"Huu wa saa utakaa nao wewe."

Mama Zawadi akarudi nyuma hatua. "Mimi? Bibi, tusidanganyane. Huyu fundi mimi simwamini hata kidogo."

"Najua," Bibi Enesi akasema. "Ningempa anayemwamini, angelala."

Mtu mmoja akacheka, halafu wawili, halafu uani pote. Mama Zawadi hakucheka. Aliupokea ufunguo, akaugeuza mkononi akiwaza. Kisha akainama pale kwenye saruji, akauokota ufunguo wa bomba kabla mjumbe hajaufikia, akamrudishia Bibi kwa mikono miwili.

"Shika wako, bibi. Ila nakutazama."

"Nitazame, mwanangu. Nimefurahi."

Baada ya hapo tuliutoa mfuniko wa bati tukaweka kioo, swichi ikawa inaonekana na kila anayekuja kuteka. Kila Jumapili watu wakitoka kanisani, Mama Zawadi alikuja na redio kwapani, akafungua kufuli, akasubiri redio itangaze saa, akalinganisha na namba zangu. Alitaka siku moja anikamate. Mwaka mzima alitaka. Aliniuliza kila waya unakwenda wapi, mpaka akajua boksi lile karibu sawa na mimi, na siku betri ilipochoka ni yeye aliyegundua kabla yangu. Kile kisikio cha juu ya bati nilikishusha, nikampa akae nacho siku kadhaa nyumbani kwake pamoja na magunia yake. Hakuna mtu wa ushuru aliyekwenda kumgongea. Redio za watu zikaanza kurudi mezani kwangu, moja moja.

Halafu akaja mpangaji mpya, mfanyabiashara kutoka mikoa ya mbali, akaiona saa akacheka kwa dharau. Akasema mwanamke kaunda saa, namba za dubwi, nani anajua anaiba dakika ngapi. Nilikuwa ndani nasikia. Kabla sijanyanyuka Mama Zawadi alishamfikia.

"Wewe umeanza kumshuku lini?"

"Leo," yule bwana akasema.

"Basi kaa nyuma yangu kwenye foleni. Mimi nilimshuku kabla yako, na nimeshamaliza kuhesabu."

Ningejitetea siku nzima nisingefikia maneno yale. Neno la rafiki yako watu wanalipunguza, wanasema kamsifu mwenzake. La anayekushuku wanalipokea bila kupima.

Bibi Enesi alitutoka wakati wa mvua, kwa upole, kama alivyoishi. Tulimpeleka kwao Mbebe, magari yakateleza kwenye tope mpaka tukashuka kusukuma na nguo za msiba. Tuliporudi mtaa ukakaa uani pale kuamua ufunguo wa bomba ashike nani. Mjumbe akauliza. Watu wakatazamana kwa jicho lile la Tunduma, nawe unalijua. Mimi niliketi nyuma kabisa, sikuwa na hamu ya kitu.

Mama Zawadi akasimama, akajifunga kitenge upya.

"Apewe Fundi Eliza," akasema. "Wa saa nabaki nao mimi, maana bado simwamini."

Wakacheka, na mimi nikacheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo, kwa sababu nilisikia sauti ya Bibi ndani ya maneno yale. Ufunguo wenyewe huu hapa, unaona? Pindo la kitenge hili hili. Mama Zawadi amezeeka, macho yamefifia, sasa anamtuma mjukuu wake amsomee namba, na bado Jumapili anakuja.

Sasa sikiliza, maana chai yako imepoa na najua umeshaelewa lakini nitakwambia tu. Sikwambii usishuku. Shuku, dunia hii ina akina Jumamosi wengi. Lakini ushuku wako upeleke mchana, kwa mwenyewe, kwa mdomo wako, kama Mama Zawadi alivyonijia frem. Ukiubeba kichochoroni utaoza. Na wewe ukishukiwa, usinune kama mimi. Jiulize kwanza moyoni, kuna swichi gani nimeifunika? Pengine umeiweka kwa nia njema kabisa. Itoe uionyeshe kabla hawajaikuta, maana wakiikuta wenyewe nia yako njema hawataiona tena. Usiwaambie watu kwamba kazi yako haina mkono wa mtu. Ina mkono wako, una mapungufu, na ndiyo sababu unahitaji jicho la pili. Jicho hilo usimpe anayekupenda. Mpe yule anayekusumbua zaidi, mwenye mdomo, halafu mpe na ufunguo.

Wenzako wako nje pale, nimewaona toka nimeanza kuongea, wanajifanya wanatazama barabara. Nenda kawafungulie. Mungu wa Bibi Enesi akutangulie, mwanangu, akupe mikono inayoweza kutazamwa. Na akuletee karibu mtu wa kukushuku mchana kweupe, akae nawe mpaka uzee.

Nenda. Hiyo chai nipe mimi.